Mwanangu, ngege wa sokoni si ngege wa nyanya yako

Mwanangu mpendwa,

Ujumbe wako wa Jumapili nimeusoma mara tatu, mara ya mwisho nikiwa hapa bandani ninapouza samaki, ufuo wa Dunga, Kisumu, wateja wameshakwisha. Unasema wiki ijayo mnachagua masomo ya mwaka wa tatu, na wenzako wengi wa biolojia wanakimbilia maikrobiolojia kwa sababu viwanda vinatafuta watu wa maabara. Moyo wako uko kwenye uhifadhi, lakini unaniuliza, "Mama, kuna faida gani kukariri majina ya Kilatini ya samaki ambao hawapo tena?"

Nianze na samaki, maana hao nawajua.

Mteja akija akitaka ngege, aina ya tilapia, nampa samaki mwenye mistari ya kusimama mkiani, imepangana mpaka ncha. Kisumu nzima inamwita ngege. Nyanya yako angemkataa. Kwake huyo ni nyamami, mgeni aliyeletwa Ziwa Viktoria miaka ya 1950. Ngege wake alikuwa na mkia mtupu, usio na mstari hata mmoja. Ndiye yule aliyepewa jina la kisayansi na Mwingereza Michael Graham mwaka 1928, na ni wewe uliyenieleza kwamba neno esculentus katika jina lake la Kilatini maana yake ni anayelika. Nyavu za kutegea zilizoingia upande wetu mwaka 1905 zilikuwa zimeshampunguza kabla mbuta, yule sangara mkubwa anayekula samaki wenzake, hajaletwa. Mbuta akaja, nyamami naye akatwaa nafasi iliyobaki. Samaki akaondoka, jina likabaki, na sokoni hakuna aliyeshtuka.

Fulu ndio wanaoniuma zaidi. Nikiwa msichana tuliwaanika juu ya mawe, wadogo kama kidole, wengine wana wekundu ubavuni, wengine buluu. Wote tuliwaita fulu, basi. Mpaka ulipokuja na daftari lako la mwaka wa kwanza ndipo nilipojua kwamba ziwa hili lilikuwa na zaidi ya aina 500: huyu anakula konokono, huyu mwani, huyu anabandua magamba ya wenzake. Mbuta alipozidi miaka ya 1980, huenda aina 200 zilipotea. Sisi tulichoona ni kwamba fulu wamepungua. Hatukuwa na jina la kila mmoja, tungewalilia vipi?

Kwa hiyo kariri, mwanangu. Bila jina hutamtambua aliyebaki, na wapo waliobaki. Ngege wa nyanya yako bado yuko Ziwa Kanyaboli, ndani ya kinamasi cha Yala. Maji ya katikati ya mafunjo yana hewa kidogo mno, mbuta hawezi kuyapita. Lakini kinamasi chenyewe kinageuzwa mashamba kila kukicha, na ngege akikutana na nyamami wanazaana. Chotara wao huwezi kumjua kwa kutazama mkia peke yake, ni lazima jeni zipimwe. Hapo maabara unayodhani unaiacha itakufuata hukohuko. Chukua uhifadhi, na somo la jenetiki usiliache.

Kuhusu kazi sitakudanganya. Vijana wa utafiti wanaokuja hapa ufuoni kupima samaki wetu, wengi wako kwa kandarasi za miezi michache, na katikati wanakaa nyumbani. Inatisha, nami naogopa kwa niaba yako, hasa nikikumbuka mkopo utakaolipa. Niliwauliza wanatumia nini kila siku katika yale waliyosoma. Takwimu, wakasema, na kuchora ramani kwa kompyuta. Takwimu ndiyo uliyonilalamikia muhula uliopita. Irudie hata kama ni jioni na rafiki anayeielewa, maana anayejua kuhesabu samaki vizuri anahitajika pia kwenye mabwawa ya wafugaji, idara ya uvuvi ya kaunti, na kwa wale wanaokagua athari za miradi kabla haijajengwa.

Mkifunga usije moja kwa moja nyumbani. Tukutane Siaya mjini tuende wote Kanyaboli, nauli ninayo. Nitamwomba mvuvi atuvulie ngege mmoja tu, umtandaze mkia kwenye kiganja changu. Tangu utotoni sijamshika.

Mama yako