Mwani peke yake hauzuii losheni kuoza

Nyie wadogo zangu mnaoanza kutengeneza sabuni na losheni za mwani, hili nawaambia mapema lisije likawakuta kama lilivyonikuta mimi. Mwaka wa kwanza nilikuwa natengeneza sabuni ya mche tu, nachukua spinosamu (aina ya mwani) kwa kina mama wa Paje, Zanzibar, naosha maji baridi mara tatu chumvi na mchanga vitoke, naanika, nasaga, nachanganya na mafuta ya nazi na kostiki soda. Sabuni ikakaa kabatini miezi na miezi haina hata doa, nikajua mwani ndo unaihifadhi. Kumbe wapi! Sabuni ya mche inajilinda yenyewe, pH yake (kipimo cha asidi, ikiwa juu ya 7 si asidi tena) iko juu huko 9 mpaka 10 na maji ndani yake ni kidogo, bakteria hawana pa kukaa.

Basi nikaingia kwenye losheni na akili ileile. Nikachemsha mwani, nikachuja ule ute, nikapiga na mafuta, chupa 40, kwenye lebo nimeandika HAINA KEMIKALI kwa herufi kubwa. Wiki ya tatu mteja ananitumia picha, mdomo wa chupa una vidoa vyeusi, nafungua zangu za nyumbani zinanuka kama maji yaliyolowekwa muhogo. Nililia jamani.

Ule ute ni karajinani, kazi yake kufanya kitu kiwe kizito, na yenyewe ni jamii ya sukari, yaani ukungu umeuandalia futari. Spinosamu na mwenzake kotoni tunazolima Zanzibar tangu 1989 ni mwani mwekundu na wanunuzi wa nje wanazitaka kwa hiyo karajinani. Zile florotanini, kemikali za asili mnazosoma kwamba zinaua bakteria, zinatoka kwenye mwani wa kahawia, kama sargasamu, na hata huo huwezi kuuchemsha tu kwenye sufuria ukasema tayari, maabara wanazikamua kwa alkoholi na maji halafu wanapima nguvu yake. Mwani wenye antioksidanti unaweza kusaidia mafuta yasichache haraka, sawa, ila kuchacha na kuota ukungu ni vitu viwili, hapo ndo wengi tunajichanganya (na vitamini E vilevile, haiui ukungu).

Siku hizi natia sodiamu benzoeti, dawa ya kuzuia kuoza, gramu 5 kwa kilo ya losheni, halafu asidi ya sitriki kidogokidogo mpaka karatasi ya pH isome chini ya 5, maana juu ya hapo benzoeti inakuwa kama haipo. Asidi itie ikishapoa, ukiichemsha na ute unalegea wote. Kila nikipika naacha chupa moja yenye tarehe, naitia kidole kila siku kama mteja anavyofanya, kisha ndo napeleka nyingine maabara, wanaipandikiza bakteria, hamira na ukungu makusudi, wanahesabu vilivyobaki hai mpaka siku ya 28.

Zile lebo za HAINA KEMIKALI ninazo bado roli mbili, sijui nizifanyie nini.