Wageni wenye ulemavu kwenye makumbusho ya mitambo: "njoo tu, tutakubeba" sio jibu

Habari zenu wadogo zangu, hasa nyie mnaoanza fildi au mnaojitolea kwenye makumbusho na sehemu za mitambo ya zamani hapa Dar. Mimi ni muongozaji kwenye banda la mitambo, tuna mashine za mkonge, vipande vya reli, cherehani za kiwandani, mashine ya kuchapa, na kila msimu vijana wa fildi wakija wanafundishwa historia vizuri tu, tarehe wanazijua, ila mgeni asiyeona akifika getini kila mtu anamwangalia mwenzake. Ndo maana naandika haya, kwa sababu hii kazi inafundishika kabisa na haisubiri mfadhili.

Tuanze na simu, maana mgeni mwenye ulemavu mara nyingi anaanza kupiga simu. Anauliza natumia kiti mwendo, nikija nitaingia? Na jibu linalotoka haraka mdomoni ni "njoo tu, tutakubeba". Linatoka kwa moyo mzuri, najua. Lakini jiweke wewe, mama mtu mzima umevaa gauni lako, watoto wako wanaangalia, alafu walinzi wawili usiowajua wanakunyanyua mbele ya watu, mmoja kakushika kwapani mwingine miguuni, na kiti chako ambacho ndo miguu yako kimeachwa nje kwa mtu mwingine. Kuna wenye majeraha ya uti wa mgongo ambao kunyanyuliwa vibaya kunawaumiza kweli kweli, na kuna wenye mpira wa mkojo ambao ukivutwa ni hatari. Kwa hiyo kubeba sio mpango, ni dharura, na hata kwenye dharura yeye ndo anasema abebwe vipi.

Jibu zuri linataka namba. Chukua futi ya fundi siku ya kwanza tu ya fildi yako, pima upana wa mlango mwembamba kuliko yote, hesabu ngazi na urefu wa kila ngazi, pima mlango wa choo na uangalie kama ndani kiti kinaweza kugeuka (nafasi ya mita moja na nusu kwa mita moja na nusu inatosha), andika kwenye karatasi moja ibandikwe karibu na simu. Mgeni akipiga unamwambia mlango ni sentimita 82, kuna ngazi moja ya sentimita 15 tunaweka mbao, choo kinafikika ila hakina kishikio. Yeye anajua kiti chake, ataamua mwenyewe. Na usimdanganye, akikuta tofauti na ulivyomwambia ameshapoteza nauli na nguvu za kutoka Mbagala au Kimara. Halafu hicho choo, naomba sana, kisiwe stoo ya mafagio na ndoo, na ufunguo usikae kwa mlinzi ambaye amekwenda kula.

Pima na njia ya nje pia. Vituo vya mwendokasi vimejengwa sakafu yake ilingane na basi, kwa hiyo mtu wa kiti mwendo anaweza kupanda bila kunyanyuliwa, lakini shida inaanza akishatoka kituoni, mtaro uko wazi, gari limepaki juu ya njia ya waenda kwa miguu, mbele mchanga ambao magurudumu yanazama. Itembee hiyo njia mwenyewe kutoka kituoni mpaka getini kwako, ukiweza itembee na mtu wa kiti mwendo, utaona vitu ambavyo miaka yote umevivuka bila kujua vipo. Ukishaijua unaweza kumwambia mgeni ashukie wapi, au mlinzi aende kumpokea.

Kuhusu ramp, yani njia ya mteremko ya kupandishia kiti mwendo, niseme kidogo kwa sababu hapa mafundi wetu wanaharibu. Kanuni inayotumika sehemu nyingi ni 1 kwa 12, yani kila sentimita 1 ya kupanda inataka sentimita 12 za urefu. Ile ngazi ya sentimita 15 inahitaji ramp ya sentimita 180. Fundi ukimuacha atakumwagia zege la nusu mita, kisha atakwambia tayari bosi, na hiyo mtu akipanda mwenyewe anaweza kurudi kinyumenyume akadondokea kisogo. Na kama jengo ni la zamani usikubali kabisa zege kumwagwa juu ya ngazi za asili, watu wa mambo ya kale watakuja juu na watakuwa na haki. Mbao inatosha, plywood nene yenye fremu chini, rangi yenye mchanga juu isiteleze, kingo pembeni gurudumu lisitoke, inawekwa na kutolewa. Mtu akikwambia jengo la urithi haliwezi kufikika mwonyeshe mbao, na mkumbushe kwamba Sheria ya Watu Wenye Ulemavu ya mwaka 2010 inazungumzia majengo ya umma kufikika na haikuyaacha nje kwa sababu ya umri.

Ndani ya mabanda ya mitambo kuna mtego ambao makumbusho ya picha na vinyago hayana, reli zilizolala sakafuni. Yale magurudumu madogo ya mbele ya kiti yanaingia kwenye ule mfereji wa pembeni ya reli yanakwama, na mtu anatupwa mbele. Hata fimbo nyeupe ya asiyeona inanasa pale. Jaza mfereji kwa kipande cha mbao au mpira pale wageni wanapokatiza, na waelekeze wakatize kwa kunyooka, wasipite kwa mshazari.

Sasa nije kwenye kitu ninachokipenda kuliko vyote kwenye hii kazi. Makumbusho mengi yana vitu vya kwenye kioo, usiguse, usisogee. Sisi tuna chuma. Chuma kinagusika, kimetengenezwa kushikwa na mikono ya wafanyakazi miaka na miaka, kwa hiyo mgeni asiyeona kwetu anaweza kupata kitu kamili kabisa na sio maelezo ya mdomo tu huku kasimama kama mzigo. Ukimpitisha asiyeona kwenye banda la mitambo bila kumgusisha chochote umemnyima ziara yake.

Mfano. Dar ni mji wenye reli za vipimo vitatu. Reli ya Kati iliyoanza kujengwa na Wajerumani kutoka hapa mwaka 1905 ikafika Morogoro 1907 na Kigoma 1914, upana wake ni milimita 1,000. TAZARA iliyojengwa 1970 mpaka 1975 kwenda Kapiri Mposhi, kilomita 1,860, ni milimita 1,067. SGR, ile reli mpya ya treni za umeme, ni 1,435. Ukisema hizo namba kwa kikundi wanaitikia kwa kichwa na kusahau hapo hapo. Chukua fito tatu, zikate kwa vipimo hivyo hasa, kila mwisho ubandike kipande kidogo cha mbao mtu ajue imeishia. Mpe asiyeona ya kwanza, aipime kwa mikono yake, kisha ya pili aiweke juu ya ya kwanza mwisho mmoja ulingane, na umuache atafute tofauti. Atakuta ni sentimita karibu 7, kama vidole vinne vilivyobanana. Hapo ndo umwambie kwamba kwa sababu ya hivyo vidole vinne mzigo unaofika Kidatu, pale reli mbili zinapokutana, unatakiwa uhamishwe kutoka behewa moja kwenda jingine, maana behewa lenyewe haliwezi kuendelea. Nimeona watu wakicheka kwa mshangao wakiwa bado wameshika zile fito. Na wenzake wanaoona wataziomba pia, wape, fito hazina gharama na sasa kikundi chote kinajifunza kitu kimoja.

Korona ya mkonge, yani mashine inayotoa nyuzi kwenye jani, nayo ifanye hivyo hivyo kwa mpangilio. Anza na jani bichi, ncha yenye mwiba umeshaikata, alisikie lilivyo zito na lenye maji. Baadae mpeleke kwenye yale mapanga butu ya kwenye ngoma ya mashine, aelewe kwamba hayakati, yanaponda na kukwangua. Mwisho mpe singa, yani nyuzi zenyewe, zilizokauka. Mwambie kati ya uzito wa jani zima singa ni asilimia 4 hivi tu, kilichobaki ni maji na makapi, na aipime mwenyewe mkononi ile tofauti ya uzito. Hiyo historia ya mkonge iliyoanza na miche 62 iliyosalimika safarini ilipoletwa hapa nchini mwaka 1893 ataisikiliza vizuri zaidi akiwa na singa mkononi.

Jinsi ya kumshikisha: usimnyakue mkono ukaupeleka kwenye mashine. Weka wewe mkono wako juu ya kitu, mwambie "mkono wangu upo hapa", yeye anaufuata akiteleza juu yake mpaka anafika. Wakati wa kutembea anashika yeye kiwiko chako na wewe unatangulia nusu hatua, ukifika ngazi unasema ngazi, ya kupanda au ya kushuka. Kabla ya ziara pitisha mkono wako mwenyewe kila sehemu atakayogusa, kona kali isuguliwe tupa au ifungwe kitambaa, grisi ifutwe. Na vyuma vilivyo nje, injini na mabehewa, viguswe asubuhi, jua la saa sita la Dar linafanya chuma kiunguze kiganja.

Kwa viziwi shida kubwa ni sisi waongozaji kupenda kuongea huku tumeigeukia mashine. Kiziwi anapata maneno kwa macho, kwa mkalimani au kwa midomo yako, na macho hayo hayo ndo anataka kuangalia mashine, hawezi vyote kwa mara moja. Kwa hiyo ongea, nyamaza, onyesha, subiri aangalie mpaka ashibe, ndio uendelee. Mkalimani wa lugha ya alama asimame karibu na wewe na mashine, wote msiwe na dirisha la mwanga nyuma yenu maana mtaonekana kivuli tu. Unapomuuliza kitu mwangalie kiziwi mwenyewe, usimwambie mkalimani "muulize kama ameelewa". Na mashine inayowaka, mruhusu aweke kiganja kwenye meza au fremu yake sehemu salama, ule mtetemo wa mashine ya kuchapa ukifika mkononi unasema mengi.

Kabla ya kuwasha chochote chenye kelele tangaza, hesabu, na onyesha pa kutokea. Kuna watoto wenye usonji ambao mlio wa ghafla unawavuruga siku nzima, na kwenye kikundi cha shule hutaambiwa ni yupi.

Wageni wenye ualbino msiwasahau, wengi wana uoni hafifu na jua ni adui wa ngozi yao. Maelezo mnayotoa uwanjani yahamie kivulini, kikundi chote, bila kumtaja mtu. Vibao viwe na herufi kubwa nyeusi kwenye rangi nyeupe isiyong'aa, viwekwe chini kidogo mtu aweze kusogeza uso, na hiyo itamfaa pia bibi aliyeacha miwani nyumbani na mtu aliyekaa kwenye kiti.

Lile la kupanda kwenye kichwa cha treni sina dawa yake, ngazi ni ya chuma imesimama wima na huwezi kuibadilisha. Ninachoomba ni msimuache mtu wa kiti mwendo chini na mlinzi dakika kumi wenzake wakiwa juu wanapiga picha. Maelezo yote yafanyike chini pamoja, magurudumu, pistoni, boila, hapo ndo kuna utamu wenyewe. Vitu vinavyotoka, taa, firimbi, mpini, vishushwe vipite mikononi. Kupanda iwe dakika chache mwishoni, kwa zamu, na muongozaji abaki chini akiendelea na stori.

Na kabla hujasema sehemu yako inafikika, ita watu waijaribu. Hapa mjini vyama vipo, CHAVITA cha viziwi, TLB cha wasioona, SHIVYAWATA ambalo ni shirikisho lenyewe. Omba watu wawili watatu wenye hali tofauti, wapitishe, kaa kimya uandike, usijitetee. Wakisema mbao yako inacheza, inacheza. Walipwe nauli na muda wao kama unavyomlipa fundi, hiyo hela iingie kwenye bajeti toka mwanzo pamoja na ya mkalimani, na mkalimani umtafute wiki mbili kabla, sio jana yake, umtumie na majina ya mashine mapema ili akae na viziwi wenyewe wakubaliane alama za korona, boila na pistoni.