Re: Kupima joto la maji ya vizimba kwa Raspberry Pi

Ndugu, umeuliza kama unaweza kupima joto la maji kwenye vizimba vyako vya sato hapo Luchelele, Mwanza, kwa Raspberry Pi (kompyuta ndogo ya bodi moja) bila kuandika msimbo mrefu wa programu. Unaweza kabisa, na nafurahi umeanza. Chukua sensa ya joto ya DS18B20 yenye ganda lisilopitisha maji. Weka rezista ya 4.7k kati ya waya wa data na 3.3V, washa 1-Wire (njia ya mawasiliano ya sensa hii) kwenye raspi-config, programu ya mipangilio ya Pi, kisha sakinisha maktaba ya w1thermsensor: kwa mistari mitatu ya lugha ya Python unasoma nyuzi za joto. Kama una pampu, relei yake (swichi inayoendeshwa na Pi) iachie gpiozero, maktaba ya Python ya kuendesha pini za Pi.

Python ikikulemea, jaribu programu ya Node-RED, unaunganisha visanduku tu kwa kipanya.

Sensa ya pH (kiwango cha asidi ya maji) ni habari nyingine: inatoa analogi, yaani volti inayopanda na kushuka, na Pi haina pini za analogi. Ongeza chipu ya MCP3008 inayogeuza analogi kuwa dijitali, gpiozero inaifahamu. Tafadhali, usiingize 5V kwenye pini za GPIO (pini za Pi za kuunganishia vifaa), utaiunguza bodi.