Barua kwa Mwanangu: Zile Jumanne za Cape Coast

Mwanangu mpenzi,

Jumatatu ulipopiga simu, mwenza wako wa misheni alikuwa kando yako na nyanya yako alikuwa kando yangu, kwa hiyo wewe uliuliza nusu nami nikajibu robo. Uliuliza, "Mama, kule Ghana ulikuwa ukifanya nini siku ikipita nzima na hakuna hata mtu mmoja aliyetaka kukusikiliza?" Kisha ukasema kwamba kabla hujasafiri kwenda misheni yako Lusaka ulizisoma barua zangu zote zilizo katika sanduku la nyanya, na hukuikuta humo siku moja mbaya. Nikakwambia zilikuwepo, halafu nikakuuliza habari ya viatu. Tangu hapo sijatulia. Acha nikujibu vizuri.

Barua zile, nilizoziandika nikiwa mmisionari wa Kanisa letu la Yesu Kristo la Watakatifu wa Siku za Mwisho, hazina uongo. Lakini wiki yangu niliichambua kama mtu anavyochambua mchele: mawe niliyatupa, nyanya yako nikampelekea punje safi. Wakati ule hatukuwa na simu ya kila wiki kama mliyoruhusiwa ninyi wamisionari tangu Februari 2019. Tulipiga nyumbani mara mbili kwa mwaka, Krismasi na Siku ya Mama, basi. Barua yangu kutoka Cape Coast, mji wangu wa misheni huko Ghana, hadi nyumbani Changamwe, Mombasa, ilikaa njiani wiki tatu, nne. Nikawaza, nikimwandikia machozi ya leo, atayalia mwezi ujao, mimi nikiwa nimeshayasahau. Nilikuwa na miaka 21 na nilidhani huko ndiko kumtunza mama.

Siku yenyewe unaijua. Kuamka saa kumi na mbili na nusu, mazoezi, kuoga, uji, kusoma maandiko peke yako, kusoma na mwenza, kutoka saa nne, kurudi saa tatu usiku, kuzima taa saa nne na nusu. Kwetu ilianza mapema zaidi kwa sababu ya maji. Bomba la uani lilitoka alfajiri, si kila siku, na likitoka lilitoka kwa saa moja au mbili. Tulikuwa na pipa moja na ndoo mbili. Nilijifunza kulala sikio likiwa bombani, na hadi leo maji yakianza kuguruma usiku naamka kabla ya baba yako.

Sasa lile la milango. Wewe Lusaka unagonga geti, mbwa anabweka, mtu anachungulia, anasema hataki. Mimi sikuambiwa "sitaki". Ghana ukifika uani kwa watu unaita "Agoo!" na wa ndani anaitika "Amee!", sawasawa na hodi na karibu yetu. Siku ya kwanza nilipoisikia nilitokwa machozi, nilijiona niko nyumbani. Unapewa kiti. Unapewa maji. Ukishakunywa ndipo unaulizwa kilichokuleta. Mwenye nyumba anakusikiliza hadi mwisho, anafumba macho wakati wa sala, anakusindikiza hadi barabarani, anakwambia njooni kesho saa kumi. Kesho saa kumi hayupo. Keshokutwa hayupo. Mtoto anakwambia ameenda Takoradi, na nyuma ya pazia unasikia kikohozi chake.

Wiki moja, Oktoba 2003, tulipewa ahadi kumi na moja tukamkuta mtu mmoja. Wiki hiyo nilimwandikia nyanya yako: "Watu wa huku ni wakarimu mno, kila tunapokwenda tunakaribishwa." Isome tena barua hiyo sasa.

Uliuliza nilifanya nini siku kama hizo. Tulitembea. Tulirudi kwa mgonjwa mmoja wa tawi letu la kanisa tukamfulia. Tulikaa chini ya mwembe tukahesabu nauli. Na Jumanne tulikwenda ufukweni.

Wavuvi wa pwani ile hawaingii baharini Jumanne. Wazee wanasema siku hiyo bahari inapumzika. Kwa hiyo ile mitumbwi yao mikubwa, iliyopakwa rangi na kuandikwa maneno ubavuni, hupumzika mchangani, na wanaume hukaa kivulini kushona nyavu. Mwenza wangu, dada kutoka Lagos, ndiye aliyesema twende, kwa kuwa Jumanne angalau tutawakuta watu wamekaa. Tuliwakuta, wakatusalimu, wakaendelea na kazi. Mimi nimekulia karibu na watu wa jarife, wale wavuvi wa nyavu, nikaona siwezi kusimama tu na kitabu mkononi. Nikaomba sindano.

Ni kijiti cha mbao kilichochongwa bapa, uzi wa nailoni umezungushwa juu yake. Mkono wa kushoto unashika kipande cha mwanzi ili matundu yote yawe sawa, wa kulia unapitisha sindano, unavuta hadi uzi unauma kidole, unakaza. Nilikaza fundo la kwanza. Mzee aliyekuwa karibu nami akalitazama, akalifungua kwa ukucha, akanirudishia sindano bila neno. La pili hivyo hivyo. La tano akaliacha. Jumanne hiyo sikuhubiri, na Jumanne iliyofuata pia sikuhubiri. Ya nne ndipo aliponiuliza nilizaliwa siku gani ya wiki. Nikasema Ijumaa. Akasema, basi wewe ni Efua, na tangu hapo ufukwe mzima ukaniita Efua, kama kwetu anavyoitwa Mwanajuma.

Hakubatizwa, mwanangu. Hakuja kanisani hata siku moja. Alinifundisha kushona wavu, akaniuliza mengi kuhusu baba yangu na bandari ya Mombasa, nami nikamweleza kwa nini nilikuwa nimefika mbali hivyo. Alisema ni jambo zuri. Kwenye fomu ya wiki, ile ya kuhesabu masomo tuliyofundisha, Jumanne zangu nyingi zina sifuri. Ukiniuliza leo nilikuwa mmisionari lini hasa, nakutajia zile.

Pia kuna habari ya mwenza. Mnatakiwa kuonana na kusikiana muda wote, usiku na mchana, na hakuna ndoa inayoanza hivyo. Yeye alipenda kuimba akipika, mimi nilitaka kimya. Yeye aliweka pilipili ya kuua. Siku moja nilimaliza maji ya ndoo ya mwisho kufulia blauzi, naye alikuwa hajaoga. Hakunigombeza. Alinyamaza siku tatu. Tulitembea pamoja tumenyamaza, tukafundisha watu habari za upendo, tukarudi tumenyamaza. Niliona hasira ile ni kubwa kuliko ndoo ya maji, nisielewe imetoka wapi.

Tulipokaa kwenye mazungumzo yetu ya kila wiki, yale ya kuambiana ukweli, akasema: "Kila usiku unapiga magoti unaongea lugha yenu kwa sauti, na ndani yake nasikia jina langu. Unanisema kwa Mungu." Nikataka kukana. Lakini kweli nilikuwa namsema. Nilikuwa nimezoea kusali Kiswahili, na kwa kuwa hakielewi, nilimtaja kama vile hayupo chumbani: Mungu, mpe huyu dada unyenyekevu, mpe huyu dada subira. Sijui kama nimewahi kuona aibu kama ile. Nikamwomba msamaha. Tangu usiku huo, tukiwa wawili, nilisali Kiingereza, na Kiswahili changu nikakiweka moyoni. Baada ya wiki kadhaa yeye mwenyewe akaniomba nisali kwa Kiswahili tena, ila jina lake nilitaje mwishoni, pale pa kushukuru. Nyanya yako alipata barua iliyosema "mwenza wangu anaimba vizuri sana."

Lililo zito zaidi nimeliacha hadi hapa.

Mwalimu mmoja mstaafu alitukaribisha jioni. Kiti, maji, yote. Nilipomaliza kueleza habari za Urejesho, yaani kurudishwa kwa Kanisa la Kristo duniani, akaniambia kwa upole, kama mzazi: "Binti yangu, kanisa lako liliwanyima wanaume weusi ukuhani hadi mwaka 1978. Wewe uliye mweusi, umetoka Kenya kuja kuniambia niingie. Unalijua hilo?" Nililijua kama tarehe. Ufunuo wa Juni 1978, uliowafungulia wanaume wote wanaostahili ukuhani, yaani mamlaka ya kubatiza na kuongoza ibada, ulikuwa mstari mmoja katika masomo yangu, mstari wa furaha. Sikuwa nimewahi kuutazama kutoka upande wa aliyekaa nje akingoja. Nikamjibu maneno niliyowahi kuyasikia kwa watu, maneno ambayo leo nisingeyarudia. Alinisikiliza, akatusindikiza hadi barabarani. Usiku ule sikulala, na kesho yake sikutaka kuvaa beji.

Nilimpelekea swali lile mama mmoja mzee wa pale Cape Coast. Alikuwa miongoni mwa waliokisoma Kitabu cha Mormoni, andiko letu, na kukusanyika kwacho tangu miaka ya 1960, pamoja na mhubiri Mghana Joseph William Billy Johnson, kabla hajafika mmisionari yeyote. Waliandika barua Utah, Marekani, makao makuu ya Kanisa, kuomba watu waje. Walingoja hadi mwishoni mwa 1978 ndipo wakabatizwa. Nilidhani atanitetea kanisa. Akasema, "Yule mwalimu amesema kweli, na iliuma. Lakini kitabu hiki hawakuniletea wao. Walipofika walinikuta nacho." Halafu akanisimulia habari ya Juni 1989, serikali iliposimamisha shughuli za kanisa nchini mwao, wamisionari wakaondolewa, majengo yakafungwa hadi Novemba 1990. Ni karibu miezi 18, urefu ule ule wa misheni yangu. Jumapili walikula sakramenti majumbani, kimya kimya, wakiimba kwa sauti ya chini. Januari 2004, hekalu la Accra lilipowekwa wakfu na Rais wa Kanisa, Gordon B. Hinckley, mzee wa miaka 93, mama huyu alikuwa ameshapiga pasi nguo zake nyeupe za hekaluni tangu Krismasi.

Hakunipa jibu la "kwa nini", wala mimi sinalo la kukupa. Ninachokijua nakupa. Elijah Abel, mtu mweusi, alipewa ukuhani mwaka 1836, Joseph Smith, mwanzilishi wa Kanisa, akiwa hai. Katazo lilitangazwa na Brigham Young, aliyeliongoza Kanisa baada yake, mwaka 1852. Na mwaka 2013 Kanisa lenyewe liliandika kwamba linazikana zile nadharia za zamani, kwamba ngozi nyeusi ni laana au alama ya kukataliwa na Mungu. Mtu akikuuliza huko Lusaka, na utaulizwa tu siku moja, usimpe maneno niliyompa mimi mwalimu yule. Mwambie hayo, mwambie yaliuma, kisha kama moyo unakutuma, mwambie kwa nini wewe upo.

Nilirudi kwa yule mwalimu mwezi mmoja baadaye nikamwomba radhi kwa jibu langu. Akacheka kidogo, akaniletea maji. Mwishoni mwa 2004, nikiwa karibu kurudi nyumbani, tuliletewa Hubiri Injili Yangu, hicho kitabu unachobeba. Kabla yake tulikuwa na masomo sita yaliyopangwa tayari. Tukaambiwa sasa tuandae somo kwa maneno yetu wenyewe, kwa kumtazama mtu aliye mbele yetu. Wenzangu wengine walihangaika. Mimi nilimkumbuka mwalimu nikashukuru.

Basi hayo ndiyo mawe niliyoyatoa kwenye mchele. Sikuandikii ili nikutishe. Jumatatu, uliposema "niko sawa, Mama" mara tatu kabla sijakuuliza, niliisikia sauti ya barua zangu mwenyewe. Wewe una simu mkononi. Ukilia Jumapili, Jumatatu mimi niko, machozi hayajakauka. Kama mwenza wako yuko karibu na neno ni la siri, niandikie. Na kama umegombana naye, anza hapo, usianze na hali ya hewa.

Jana usiku, kabla sijaituma barua hii, nilimsomea nyanya yako yote. Pale pa kikohozi nyuma ya pazia alicheka mpaka akakohoa yeye. Pale pa mwalimu alinyamaza. Nilipomaliza akaniuliza jina la yule dada wa Lagos, nikamtajia. Akaniambia nilitaje tena, polepole, akalirudia hadi likamkaa mdomoni, kisha akaenda kulala. Asubuhi nimemsikia chumbani kwake akilitaja, pale pa mwisho.

Jumatatu tutakuwa kwenye simu sote wawili kuanzia saa nne ya kwako. Anataka kukusikia habari za Jumanne yako.

Mama yako