Jibu: Nairuzi ni ya Machi, mbona Mwaka Kogwa uko Julai?

Salaam mkuu. Unauliza: ikiwa Nairuzi, yaani mwaka mpya, ya Waajemi ni Machi, mchana na usiku vinapolingana, mbona Makunduchi, Unguja, wanaoga mwaka (ndio Mwaka Kogwa, sherehe yao ya Nairuzi) Julai?

Anza na hesabu, jua liache kwanza. Mwaka wa Kiswahili wa mabaharia na wakulima una miongo 36 ya siku kumi kumi, na siku tano juu yake. Jumla 365 basi, hauna mwaka mrefu wa siku 366. Kila miaka minne hivi huitangulia kalenda ya ukutani kwa siku moja. Karne zikipita, ni miezi. Jina la Nairuzi limebaki la Kiajemi, siku imekwenda zake.

Tena Unguja siku hiyo ya Machi huwezi kuihisi, maana mchana na usiku hukaribiana mwaka mzima. Niliwahi kusimika kijiti cha mita moja uani tarehe 21 Machi nikingoja kivuli kipotee. Wapi! Saa sita na nusu kilibaki kama sentimita 11, kimelala kusini. Jua la utosini lilishapita mwanzoni mwa Machi, hurudi Oktoba. Ukijaribu, kijiti kisimame wima kabisa. Changu cha kwanza kiliinama kikanidanganya.