Kwenda kutazama "Fela!": ujue nini kabla

Mkuu, umeuliza ujiandae vipi kutazama "Fela!", mchezo wa muziki kuhusu mwanamuziki wa Nigeria Fela Kuti, jukwaani ilhali hujui Kipijini cha Nigeria (Kiingereza kilichochanganywa na lugha za huko, alichokiimbia) wala historia yake.

Shika kwanza tukio moja. Tarehe 18 Februari 1977 wanajeshi walivamia makazi yake Lagos, Kalakuta, wakayachoma moto na kumtupa dirishani mama yake, Funmilayo Ransome-Kuti. Mama alifariki Aprili 1978. Mchezo wote unatokea usiku mmoja wa mwaka 1978 katika klabu ya Fela, Shrine, na kila kitu kinamzunguka mama huyo. Ukingoja maisha ya Fela yasimuliwe tangu utoto hadi kifo chake mwaka 1997, utapotea: matukio huja kama kumbukumbu katikati ya nyimbo. Majeneza utakayoyaona kuelekea mwisho yatakuchoma tu kama unaijua habari hii.

Kuhusu lugha, sikiliza "Zombie", wimbo wa Fela wa 1976, mara mbili tatu. Usiruke mwanzo, ala hupiga dakika kadhaa kabla ya sauti kuingia, ndivyo Afrobeat, mtindo wa muziki wa Fela, inavyojengwa. Maneno yake ni amri fupi za kijeshi, yanawakejeli askari wanaotii bila kufikiri, kwa hiyo sikio litazoea haraka.

Chagua kiti cha kando ya njia, maana wachezaji hushuka kwa watazamaji. Vaa viatu vyepesi pia: mtaambiwa msimame mzungushe kiuno kwa kufuata namba za saa. Simama, tafadhali. Shrine haikuwa mahali pa kukaa kimya.