Unauliza nakwama wapi

Mpwa wangu, sauti uliyonitumia nimeisikiliza mara mbili. Unasema hapo Ngamiani, Tanga, mnaambiana kwamba Wagiriki wa New York walifika mikono mitupu, wakaosha vyombo, leo wana migahawa kila kona. Mimi mjomba wako niko jikoni kwenye mgahawa wa Mgiriki hapa Astoria, mtaa wa New York, miaka nenda rudi, na bado naosha. "Unakwama wapi, mjomba?" Haya, ngoja nikujibu.

Kuosha vyombo ni kweli huyo Mgiriki aliosha. Bosi wangu alikuwa baharia, meli ikatia nanga hapa, akashuka na hakupanda tena. Wakati huo kwao Ugiriki wanajeshi wanatawala, 1967 hadi 1974, na vijana wa visiwani wengi walikuwa melini. Nyinyi mtamwita mzamiaji, na hapo ndipo utamu wa hadithi unapowakolea. Mkitoka hapo mnaruka moja kwa moja hadi kwenye utajiri.

Katikati kulikuwa na hivi: alioa, akapata makaratasi, akawa raia. Sheria ya uhamiaji ya Marekani ya 1965 ilikuwa imefuta ule utaratibu wa kuwapendelea watu wa Ulaya ya kaskazini, na raia aliweza kuwaombea ndugu zake. Akawavuta kaka zake mmoja mmoja. Huyu kwenye kikaango, yule zamu ya usiku, mke kwenye kaunta, watoto wakitoka shule wanakaa juu ya kreti za maziwa kumenya viazi. Wote chumba kimoja, hakuna aliyelipwa. Jasho la ukoo mzima likaingia droo moja! Kwao walituma pia, ila droo ilishiba kwanza.

Sasa droo yangu. Mshahara ukiingia Ijumaa, kabla sijavua viatu simu inalia: ada, bati, matanga ya fulani, bodaboda ya fulani imekamatwa. Sisemi msiombe. Mama yako alinilea, na kila nikitia ufunguo mlangoni namkumbuka. Lakini huwezi kula mbegu halafu ukaniuliza shamba liko wapi.

Na ndugu wa kuwavuta? Leo foleni ya kumwombea kaka au dada inapita miaka 15, tena lazima uwe raia kwanza. Mpwa hana hata foleni.

Kazi yenyewe nikueleze, maana picha ninazotuma nimevaa koti zuri. Sinia la musaka, kile chakula cha Kigiriki cha biringanya na nyama, linakuja limeganda jibini kwenye pembe, mashine hailitoi, unalikwangua kwa stilwaya mpaka vidole vinachubuka. Mvuke unakulowesha hadi nguo ya ndani. Halafu unaambiwa katupe taka, nje ni Januari, na aproni inakauka mwilini kama ubao. Wahudumu wanagawana bakshishi. Mimi sionekani.

Mzee si mtu mbaya. Aliniajiri aliposikia natoka Tanga, kwa sababu mjomba wake alilima mkonge huko kabla mashamba hayajataifishwa 1967. Siku nyingine ananiambia "kalimera", yaani habari za asubuhi kwa Kigiriki, na kunipakulia supu ya limau kabla ya wateja. Siku nyingine ananifokea kwa glasi moja.

Watoto wake? Mmoja anatibu meno, mwingine mhasibu. Hawataki hata harufu ya mafuta. Jengo si lao, kodi ya pango inapanda, magoti ya mzee yamechoka, anatafuta wa kumuuzia. Ndio huo utajiri wenyewe, mpwa: kuwasomesha watoto ili wasirudi jikoni.

Kwa hiyo usije. Au basi, ukija, njoo na ufundi mkononi: umeme, bomba, uchomeleaji. Mtu wa namna hiyo hapa anaheshimika kuliko mimi niliyekuja na cheti cha kidato cha sita. Usimpe hela wakala yeyote anayekuahidi makaratasi, hata akiwa mtoto wa jirani. Usije peke yako, upweke unaua. Ila usije na rafiki pia, mtagombana kwa kodi ya chumba mwezi wa pili. Na ukishafika, miaka miwili ya kwanza zima simu.

Mimi sijaweza kuizima. Mwambie mama hela ya bati natuma Ijumaa, nusu. Nusu nyingine naweka, na safari hii msinipigie kuiuliza.